Njahi Moja Katika Kopo la Kura

Jumamosi, 4 Oktoba 1997. Mvua: milimita 0.0

Leo saa tisa na robo mchana, sebuleni kwa Cucu Wacuka, bibi Mkikuyu jirani yangu, nimepoteza asubuhi 2,379 kwa sababu ya njahi moja.

Nianze na hesabu, kwa maana hesabu haina hasira. Tangu tarehe 1 Aprili 1991, kila siku saa tatu kamili, nimeinama kwenye kipimo cha mvua nyuma ya karakana yangu hapa Kitengela, nikasoma, nikaandika. Sijakosa hata asubuhi moja. Siku ya kumzika mume wangu nilisoma kwanza, ndipo nikafunga kitambaa. Vipimo vyote vya Chama cha Wapima Mvua wa Kitengela nimevikata na kuvichomelea mimi Mbeke, darasa la sita, kwa mabati yaliyobaki ya matangi. Lakini mimi si mwanachama kamili. Mimi ni "mshiriki". Mshiriki hana kura, na usomaji wake unaingizwa kwenye rejista kwa jina la mdhamini. Kwa hivyo mvua yangu ya miaka sita na nusu imeandikwa "Kituo cha 4, N. Otiende". Otiende ndiye katibu. Kwangu amefika labda mara tatu.

Haya yote yanatoka kwa kitabu cha Mwalimu Obura, Rais wetu. Alikinunua kwenye mnada wa vitu vya Mzungu aliyehama Konza: kanuni za chama cha wataalamu wa sayansi wa huko Ulaya, mwaka 1847, pembe zimeliwa na mchwa. Mwalimu alifundisha sayansi miaka thelathini na moja na hajaona kitu kizuri kama hicho. Alikitafsiri chote kwa mkono, kanuni ishirini na tatu, hata ile ya kutovuta kiko wakati makala inasomwa. Kwa sababu yake mwanachama mwingine, Kisemei, hunusa ugoro wake verandani.

Kanuni ya 9 inasema anayeomba uanachama apigiwe kura ya siri kwa punje. Nyeupe ni kukubali, nyeusi ni kukataa, na nyeusi moja inatosha. Miaka tisa hakuna aliyewahi kuomba; wanachama kamili ni wale wale watano walioanzisha. Mimi ndiye wa kwanza. Mwalimu aliisoma kanuni kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, harufu ya chai ikitoka jikoni. Punje hazikuwepo. Otiende akaenda jikoni, Cucu akampa maharagwe meupe na njahi, ile nyeusi yenye mstari mweupe. Mimi nikaambiwa nitoke.

Nilikaa verandani nikasikiliza zikianguka ndani ya kopo. Kopo lenyewe nililitengeneza mimi. Tin, tin, tin, tin, tin. Kisha Mwalimu na Otiende wakajifungia kuhesabu, maana Kanuni ya 10 hairuhusu matokeo kutangazwa mkutanoni. Huambiwa mwombaji peke yake.

Mwalimu alitoka na miwani mkononi.

"Mama Kavata. Nyeupe nne."

"Na ya tano, Mwalimu?"

Akafuta miwani kwa tai. "Ya tano ni njahi."

Sina ruhusa ya kuuliza ni nani. Anayetaja kura yake anafutwa uanachama. Naweza kuomba tena baada ya mwaka mmoja na siku moja.

Nilirudi ndani nikanywa chai ya Cucu hadi tone la mwisho, ili mtu asione kitu.

Jumapili, 5 Oktoba. 0.0

Nimesoma saa tatu. Kanisa sikwenda.

Jumapili, 12 Oktoba. 0.0

Watano, njahi moja. Kwa haki kila mmoja angepewa asilimia ishirini, lakini hii si bahati nasibu.

Otiende: 55. Nikiwa kamili, anapoteza Kituo cha 4. Kisemei: 20. Ng'ombe wake aliwahi kujikuna kwenye kipimo changu na nikasema maneno. Sista Elsie wa zahanati: 15. Mwaka juzi nilionyesha mbele ya wote kwamba katika kila siku mia za mvua alizoandika yeye, sitini zinaishia na sifuri au tano. Mvua haijui kukadiria. Hakucheka. Mwalimu: 10, kwa sababu mtu anayependa kanuni hivyo huwezi kujua. Cucu Wacuka: sifuri. Huyo mama alinipa shamba lake la nyuma nifungue karakana nikiwa sina hata nyundo ya pili.

Jumamosi, 18 Oktoba. 7.3

Imeanza. Redio inasema mvua za mwaka huu ni za jina la kigeni. Mimi nasema 7.3.

Jumamosi, 25 Oktoba. 31.8

Cucu amekuja kwa mguu, amejifunika gunia la plastiki kichwani, anataka mfereji wa tangi urekebishwe.

"Sasa, mwenzangu," akaniambia, "hii mvua tutaiweka wapi?"

Amekuwa akiniita "mwenzangu" tangu ule mkutano. Nadhani ameusoma uso wangu na anataka kunifariji, na kila akilisema naumia kidogo na napenda kidogo. Sikumweleza chochote. Nilimrekebishia mfereji. Alinipa ndizi nane. Mbili zilikuwa zimeiva.

Jumamosi, 1 Novemba. 22.0

Ishirini na mbili kamili. Nimepima mara mbili nisije nikafanana na Elsie. Mkutano wa mwezi umeahirishwa, hakuna mtu wa kuvuka tope.

Jumapili, 9 Novemba. 40.1

Nyumbu wamekuja hadi nyuma ya soko wakitafuta mahali pakavu. Hakuna.

Ijumaa, 21 Novemba. 112.6

Niandike polepole.

Mvua ilianza jana saa nane mchana na haikupumua. Asubuhi udongo mweusi wa hapa ulikuwa umegeuka uji. Ukiweka mguu unaondoka bila kiatu. Saa tatu nikatoka na kaptura ya marehemu na mwavuli. Chupa ya ndani ya kipimo ilikuwa imejaa na kumwagikia kopo la nje, kama nilivyoliundia. Nikamimina, nikapima, nikajumlisha. 112.6. Sijawahi kuona tarakimu tatu kwenye kipimo changu.

Halafu nikakumbuka Kanuni ya 14: usomaji unaozidi mia uthibitishwe siku hiyo hiyo na wanachama kamili wawili, la sivyo unaandikwa kwa penseli. Macho ya mshiriki hayahesabiwi. Nikarudisha maji kwenye kopo, nikalifunika na sinia, nikaketi juu ya ndoo kulilinda kama kuku. Sikuwa na simu. Nilitegemea tu kwamba mtu mwingine kule nje anajua kuhesabu.

Saa tano na nusu nikamwona mtu anatoka upande wa barabara ya Namanga, anainua goti kama korongo. Otiende. Suruali imekunjwa, gambuti moja mguuni, ya pili imebaki topeni.

"Kipimo changu kimebebwa na mto," akasema akihema. "Nikajiambia cha Mama Kavata hakiwezi kubebwa. Umefikisha mia?"

"Sisemi. Pima mwenyewe."

Akatoa chupa yake ya kupimia ndani ya shati. Alipima mara tatu. Mara ya kwanza 112.5, mara ya pili 112.6, ya tatu 112.6. Akanitazama. "Mama, mkono wako hautetemeki kabisa."

"Wa pili ni nani sasa? Tunahitaji wawili."

"Ngoja hapo."

Na mguu mmoja mtupu akarudi kwenye ile mvua. Baada ya nusu saa akamleta Kisemei, ambaye alikuwa akihamisha ng'ombe wake kuelekea Isinya na amelowa hadi kwenye mfupa.

"Takwenya, yeyo," Kisemei akanisalimia kwa Kimaasai.

"Iko," nikaitikia. "Pole kwa kusimamishwa."

"Ng'ombe wanasimama tu. Wapi hiyo maji?"

Akachungulia kwenye chupa, akahesabu mistari kwa kidole, taratibu, kama mtu anayehesabu ndama. "Mia na kumi na mbili, na sita ndogo." Akaweka sahihi. Kisha akanyoosha kidole kwenye ubavu wa kipimo. "Hapa ndipo yule mjinga alijikuna. Nilimuuza, unajua? Nilimuuza Kiserian wiki hiyo hiyo. Ng'ombe asiyeheshimu kazi ya mtu."

Nilipika chai. Otiende alikausha soksi yake moja jikoni kwangu, nami sikuweza kuvumilia tena.

"Otiende, ile njahi."

"Kanuni ya 9, mama."

"Sikuulizi ni nani. Nauliza Mwalimu alifanya nini alipoiona."

Akanywa kidogo. "Alikaa chini," akasema. "Alikuwa amesimama, akakaa chini."

Otiende: 10. Kisemei: 10. Elsie: 40. Mwalimu: 40. Cucu: sifuri.

Jumamosi, 6 Desemba. 18.4

Mkutano umekufa tena. Badala yake Mwalimu amekuja mwenyewe, na koti lake la mkutano, na mwavuli wenye ubavu mmoja uliovunjika. Amekuja na habari: ofisi moja ya Kajiado imekubali kupiga chapa rejista yote ya miaka tisa, kila kituo na jina la msomaji wake, nakala zigawiwe shule zote za wilaya. Inapelekwa Jumatatu tarehe 2 Februari asubuhi. Kilichoandikwa siku hiyo ndicho kitakachobaki.

"Na Kituo cha 4?" nikauliza.

"Mama Kavata, hapa ukiondoa kanuni tunabaki nini? Watu sita wanaochungulia mikebe."

"Kanuni zako ziliandikwa na watu waliokuwa na watumishi wa kuwachungulia mikebe."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaomba kuona kipimo, akainama juu yake na mikono mgongoni kama mtu aliye mbele ya kaburi la mkubwa, akasema, "Kazi safi." Akaenda zake.

Alisema watu sita. Wanachama kamili ni watano. Nimehesabu mara mbili.

Alhamisi, 25 Desemba. 9.9

Mbuzi nusu kutoka kwa Kisemei. Nimesoma kwanza.

Jumanne, 30 Desemba. 26.7

Jana kura ya nchi, na kwa sababu ya tope wameongeza leo. Nimepanga foleni masaa matano. Mbele yangu mzee asiyejua kusoma aliuliza, na karani akamweleza mbele ya mawakala wote: hii ni ya huyu, hii ni ya yule, alama unaweka hapa. Hawakumwacha aingie mpaka aliposema ameelewa. Sijui kwa nini jambo hilo limenikaa kichwani.

Jumapili, 11 Januari 1998. 14.2

Binti yangu Kavata amefika kutoka Tuala na tumbo lake la miezi tisa. Mumewe ameona heri aje hapa, kwangu kuna zahanati ya kufikika kwa miguu. Amekuta nimetandaza madaftari kitandani.

"Mathe, si uachane na hao wazee na mikebe yao?"

"Mikebe ni yangu."

"Basi wanyang'anye."

Nilifikiria. Naweza kabisa, patasi iko. Lakini nani atasoma?

Jumamosi, 17 Januari. 33.5

Msichana. Kilo tatu na gramu mia mbili sabini. Wamemwita Sheryl, na mimi sijaulizwa.

Kulikuwa na shida. Nitaiandika siku nyingine au sitaiandika. Sista Elsie alisimama na Kavata masaa kumi na moja, umeme umepotea, gari la kwenda Kajiado haliwezi kupita. Ilipofika saa tatu asubuhi nilikuwa nimekalia benchi nje, nimeshika sweta ya mtoto wangu, na nikagundua ni saa tatu. Sikuinuka. Kwa mara ya kwanza sikuinuka.

Elsie akatoa kichwa mlangoni. Jasho tupu. "Mama Kavata, unakaa nini? Nenda usome. Mtoto huyu bado saa moja, nakuambia mimi. Nenda!"

Nilikimbia, nikasoma, nikarudi. Mtoto akaja saa nne na dakika tatu. Elsie alipompima alisoma mizani mara mbili, akaniangalia, akasema, "Mia mbili sabini. Inaishia na sifuri, lakini naapa ni ya kweli." Tulicheka hadi tukashikana.

Elsie: 5. Na sasa hesabu inanipeleka nisipotaka. Kisemei 10, Otiende 10. Mwalimu: 75. Yule aliyekaa chini. Yule aliyenihesabu sita.

Jumatatu, 19 Januari. 5.1

Njahi nimeipata.

Saa sita mchana Cucu Wacuka ameingia na sufuria iliyofungwa kwa shuka, miguu yake ya miaka sabini na moja imejaa tope hadi magotini. Ameiweka mezani, akafunua. Njahi. Imepondwa na ndizi, inatoa moshi.

Kavata akasema, "Asante Cucu, lakini hata maharagwe yangetosha, hungejisumbua hivi."

Cucu akashtuka kama ametukanwa. "Maharagwe! Mzazi hapewi maharagwe nyeupe. Hiyo ni ya watoto wa bweni. Kwetu ukijifungua, ukiwa mgeni wa maana, ukiletwa nyumbani kama bibi arusi, unapewa njahi. Kwani mimi nikona mtoto ngapi wa kupea?" Halafu akanigeukia, uso umejaa furaha. "Hata mamako ndiyo nilimpa, ile siku ya chama. Wale wengine niliona wanachukua maharagwe. Nikasema shauri yao. Mimi wangu nampa njahi."

Nilikuwa nimeshika kijiko.

Kavata akanitazama, maana anajua habari yote. Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

"Nilifurahi, Cucu," nikasema. "Sana."

"Si nilijua! Na hiyo kitabu ya Kajiado ikitoka, jina lako litakuwa juu ya yangu ama chini?"

"Chini. Wewe ni Kituo cha 3."

"Basi tutafuatana," akasema, akaanza kumlisha mtoto wangu kwa mkono wake.

Nikatoka nje. Nilienda nikasimama nyuma ya tangi kubwa nisionekane, na sijui kama nilikuwa nacheka. Harufu ya chai! Mwalimu alipokuwa akisoma kanuni, kwa lugha mbili, Cucu alikuwa jikoni anatuchujia chai. Hakusikia hata neno. Otiende alimwomba punje, akampa. Aliporudi wakamwambia tumbukiza moja. Na kwa vile matokeo hayatangazwi, amekaa miezi mitatu na nusu akiniita mwenzake, kwa sababu anaamini ni kweli.

Kwetu Ukambani njahi ni chakula kama kingine. Nimeishi ukuta kwa ukuta na huyu mama na sikujua.

Cucu: sifuri, niliandika. Hiyo sifuri nimeiacha ilivyo kwenye ukurasa wa Oktoba. Nisifute.

Jumanne, 20 Januari. 0.0

Siku ya kwanza kavu mwaka huu. Kavata anasema niende kwa Mwalimu nimwambie, mambo yaishe.

"Nikimwambia, Cucu ametaja kura yake. Kanuni inamfuta."

"Mwalimu hawezi."

"Mwalimu ataweza, na atalia akiandika. Na hata asipomfuta, Cucu atajua alichofanya. Unataka ajue?"

Kavata akamfunika Sheryl shuka vizuri. "Apana," akasema. "Hiyo apana."

Jumamosi, 24 Januari. 2.6

Nimeazima tafsiri ya kanuni kwa Otiende. Alinipa bila kuuliza, akasema tu, "Soma tangu mwanzo, mama. Watu huanza na ya tisa." Kanuni niliyoihitaji nimeipata kwenye ukurasa wa pili.

Jumapili, 1 Februari. 11.0

Hii ni nakala ya barua niliyompelekea Mwalimu leo baada ya kanisa. Nimempa mkononi.

"Kwa Rais wa Chama, Mwalimu Obura.

Shikamoo Mwalimu.

Sikuombi huruma na sikuombi uvunje kanuni. Nakuomba uifuate moja iliyosahaulika. Kanuni ya 3: Hakuna usomaji utakaoingizwa kwenye rejista ikiwa chombo hakikujaribiwa kwanza mbele ya wote watakaokisoma. Umeitumia kwangu mara sita. Kila kipimo nilichokuletea ulikimwagia maji mbele ya wanachama wote kabla ya kukikubali, na kimoja ulikirudisha kwa sababu Kisemei alikuwa hajafika.

Kura nayo ni usomaji. Kopo ni chombo, na punje ni mistari yake. Tarehe 4 Oktoba tulikisoma chombo hicho mara ya kwanza tangu Chama kianze. Sikuulizi ni nani aliweka nini, na ukiniuliza mimi sitasema, hata mwaka mmoja na siku moja zipite mara kumi. Nauliza jambo moja ambalo wewe mwenyewe unalijua, kwa sababu ulikuwa umesimama pale na kitabu mkononi, na chai ilikuwa bado haijaletwa:

Je, wapiga kura wote watano walikuwa chumbani uliposoma maana ya nyeupe na nyeusi? Ndiyo au hapana?

Ikiwa ni ndiyo, rejista iende Kajiado ilivyo, na nitaendelea kusoma chini ya jina la Otiende, ambaye nimekuja kumheshimu. Ikiwa ni hapana, kura ile haikuwa kura, na kabla gari la Kajiado halijaondoka kuna nafasi ya kupiga nyingine, ukitangulia kueleza kanuni taratibu, watu wote wakiwa wameketi. Na isemwe tu kwamba ya kwanza ilikuwa na kasoro ya chombo. Kopo nililitengeneza mimi. Lawama iandikwe kwangu. Chai nitapika mimi, kwangu, ili wa nyumba nyingine asiinuke.

Kesho Jumatatu, tarehe 2 Februari, saa tatu kamili asubuhi, nitainama kwenye kipimo cha Kituo cha 4 kwa mara ya 2,500. Nitakuwa na daftari, na juu ya ukurasa nimeacha nafasi ya jina. Uje mwenyewe, na mwavuli wako uliovunjika, nitautengeneza. Sitaki 'tutaangalia', sitaki 'Baraza litakaa'. Nataka neno moja, kabla sijamimina maji kwenye chupa.

Ndiyo au hapana, Mwalimu?

Mbeke"